Gugu Nililoliita kwa Jina la Mtani Wangu

Nilikosa. Nianze hapo hapo, maana nikizunguka nitajikuta nimeanza kujitetea, na utetezi sina. Nilimharibia jina mwanamke ambaye kosa lake pekee kwangu lilikuwa kujua kitu nilichodhani nakijua mimi peke yangu.

Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana naweza kukwambia. Jina langu sitaliandika. La kwake nitaliandika, kwa sababu kosa lenyewe ni hilo jina. Aliitwa Siwema.

Mimi ni Mnyamwezi wa upande wa Usoke, mtoto wa mbugani. Mbuga kwetu ni bonde la udongo mweusi linalojaa maji mvua zikikolea. Humo ndimo tunamotengeneza majaruba, vishamba vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji, tukapanda mpunga. Mama yangu alikuwa na jaruba zuri kuliko yote ya ukoo wetu. Alipofariki likawa langu, na sifa zake nikazirithi pamoja nalo. Nilizipenda zile sifa kuliko jaruba lenyewe.

Tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari na kipande cha reli kikatundikwa kuwa kengele. Mwenyekiti akanisimamisha mbele ya mkutano, akasema huyu ndiye kiongozi wa wanawake katika shamba la mpunga la kijiji. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, ili anayetaka kunitazama anitazame vizuri.

Mwaka ule wa kwanza nilitoa miche kutoka jarubani kwangu nikaipa kijiji zawadi. Miche hiyo uikumbuke, nitairudia.

Halafu akaja Siwema.

Alikuja na mumewe Ramadhani, mtoto wa kijiji chetu aliyekuwa akipakua meli bandarini Dar es Salaam. Ramadhani alirudi kulima kama serikali ilivyokuwa ikihimiza, akarudi na mke Mzaramo wa bonde la Ruvu. Mke huyo alikuwa mwembamba, mcheshi, na kanga yake ilimkaa kana kwamba imeshonewa mwilini. Ndiyo, hata hilo niliona. Wivu hauanzii kwenye jambo kubwa.

Kama hujui utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, nikueleze kidogo. Babu zetu walibeba meno ya tembo kutoka huku hadi pwani. Walipita kwa Wazaramo, wakala kwao, wakaugulia kwao, na wengine wakazikwa huko huko. Utani ukazaliwa njiani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo nawe ukacheka. Anakamata kuku wako, na huendi kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha kaburini. Kuukasirikia utani ni aibu kuliko tusi lenyewe.

Kwa hiyo siku ya kwanza Siwema alipotukuta kisimani alisema, "Hamjambo wapagazi? Mizigo mmeitua wapi?"

Nikamjibu, "Tuliitua kwenu, mkashindwa kuinyanyua kwa uvivu. Mpaka leo ipo."

Wanawake wakacheka, naye akacheka, na kusema kweli nilimpenda. Nataka ulijue hilo. Nilimpenda kwanza.

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya mpwa wa mwenyekiti. Tulipika wali kwa vyungu vingi, kila mwanamke na mchele wake. Siwema alipika mchele wa mbegu aliyokuja nayo kutoka Ruvu. Alipofunua chungu, harufu ilitoka ikapita juu ya vyungu vyetu vyote. Watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya nyumba walikuja bila kuitwa.

Mume wangu ni mtu ambaye tangu anioe hakuwahi kusifu chakula. Akishiba hunawa mikono, basi. Siku ile aliomba aongezwe. Tulipokuwa njiani kurudi akasema, "Wali wa yule Mzaramo, mtu unasahau hata mboga."

"Umesahau na mkeo?" nikamuuliza.

Akacheka. Mimi sikucheka, na nadhani tangu siku hiyo sikucheka vizuri tena mpaka siku niliyomwangamiza.

Basi nikaanza kumchungulia. Nilijua kanga gani kaifua. Nilijua nani kaenda kwake kuomba mbegu na nani karudi na bakuli lililofunikwa. Wanawake niliowafundisha mimi kushika jembe walianza kusema, "Tumuulize Siwema." Bwana shamba, yule ofisa wa kilimo aliyekuja kwa baiskeli, alisimama kwenye tuta lake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwangu alipita akiwa amepanda baiskeli vilevile. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua.

Sasa sikiliza habari ya jaruba.

Kwenye kona yangu ya chini, pale maji yanapoingilia, nilikuwa na mpunga wa fahari. Haukupandwa na mtu. Ulichipua wenyewe mvua za kwanza tu, wakati wengine bado wanatafuta mbegu. Ulikuwa kijani kibichi, mnene, wenye nguvu. Niliuita mpunga wa neema. Nilikuwa nauchambua chipukizi moja moja nikizipanda kwenye mapengo, ili wapita njia waone jaruba langu limewatangulia wote. Mavuno yake yalikuwa haba, kweli. Punje zilipukutika kabla kisu hakijafika. Lakini nilisingizia ndege.

Siwema alipita pale asubuhi moja, mvua ilipokuwa imetulia. Akasimama kwenye tuta, akachuchumaa.

"Mtani, huu umeupata wapi?"

"Umejiotea. Mungu akimpenda mtu humwoteshea."

Hakucheka. "Huu si mpunga, mtani. Kwetu tunauita mpunga mwitu. Ni gugu."

Nilimwambia amekuja juzi na leo anataka kunifundisha mpunga kwenye jaruba la mama yangu. Hakubishana. Alichuma shina moja la mpunga wangu wa katikati na lingine la konani, akayaweka juu ya kiganja. Akaniambia nitazame pale jani linapolikumbatia shina, ndani yake. Kuna kiulimi cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu. Kwenye mpunga wa kweli kilikuwa kifupi, kimepasuka ncha mbili. Kwenye ule wa neema kilikuwa kirefu kilichochongoka, karibu urefu wa kidole changu kidogo.

Kisha akatia mkono kwenye tope akavuta. Mpunga hung'oka na mizizi yake kama ndevu za mahindi. Hili halikung'oka hivyo. Likaja na kamba nyeupe, nene, yenye pingili kama za muwa, ikitambaa chini kwa chini kuelekea majaruba ya jirani. Kila pingili ilikuwa na jicho, na jicho lilikuwa tayari kuchipua.

"Ukiikata hii mizizi kwa jembe ndani ya maji umelipanda," akasema. "Kipande kimoja kinazaa kingine. Punje zake zina ndevu ndefu na hazingoji mavuno, zinapukutika zenyewe. Dawa yake ni kiangazi. Baada tu ya kuvuna, udongo haujawa jiwe, unalichimbua, unaigeuza mizizi juu ione jua, unaiokota yote, unaichomea mbali na mbuga. Mwaka unaofuata litakalobaki unalikata majani kwa kisu chini ya maji yakiwa mengi, bila kugusa mizizi, linakosa pumzi linaoza. Unarudia tena mwaka wa pili. Lina kiburi, lakini linakufa."

Akanitazama, na nikaona wazo linamjia usoni kabla hajalisema.

"Mtani. Ile miche uliyotoa kwa kijiji ilitoka kona hii?"

Nikageuza uso nikatazama maji. Alitazama njiani kama kuna mtu anakuja. Hakuwapo.

"Basi hili tusimwambie mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Kiangazi tutalimaliza mimi na wewe, kwako na kule kwa kijiji. Wakiuliza, nitasema nawasaidia Wanyamwezi kwa sababu migongo yenu imechoka na mizigo."

Mwanamke mwenye akili angemkumbatia pale pale topeni. Mimi nilimchukia. Angenicheka ningemsamehe. Angenisema kijijini ningepigana naye, na ningeshinda. Lakini alinihurumia! Alinifichia aibu yangu, na tangu saa ile kila aliponiamkia nilisikia, "Nakujua." Pengine hakuwa na wazo hilo hata kidogo. Wivu ukishaingia ndani, unajisikilizia wenyewe.

Msimu ule shamba la kijiji lilitoka vibaya. Masuke yalisimama marefu, yenye ndevu, watu wakafurahi, na tulipofika na visu tukakuta yamebaki makapi matupu, punje zote zimelala topeni. Watu wazima walisimama na vikapu vitupu mikononi.

Kipande cha reli kikagongwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano, bwana shamba akaja. Aliinua shina la lile gugu juu akasema hili ni mpunga mwitu, si la hapa, limeletwa. Mwenyekiti akauliza, "Nani kalileta?"

Watu wakatazamana. Mimi nilimtazama Siwema. Alikuwa ameketi na wanawake, mtoto wake Mwanaidi amemlalia mapajani. Alinitazama kidogo tu, kisha akainamisha macho na kuanza kumsuka mtoto nywele. Alikuwa akinilinda. Leo naliona hilo wazi kabisa. Siku ile niliona anasubiri watu wanyamaze vizuri ndipo aseme.

Nikasimama. Nilikuwa kiongozi wa wanawake, nikisimama watu hunisikiliza.

"Mwenyekiti," nikasema, "kabla ya hawa Wazaramo kutuletea mbegu zao za kunukia, mbuga yetu ilikuwa na ndevu?"

Watu wakaanza kutabasamu. Walijua utani unakuja.

Nikachukua lile shina mkononi mwa bwana shamba, nikalinyanyua. "Linapendeza, lina kiuno chembamba, limetoka mbali, na kazi halifanyi. Jamani, hamlijui? Aliyetuletea hili hakututendea wema. Huu si wema. Ni Siwema!"

Mkutano ulilipuka. Wazee walijipiga mapaja. Mwenyekiti alijikausha, akashindwa, akacheka. Mume wangu alicheka mpaka akatoa machozi, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Sikupanda magugu shambani kwa mtu gizani, kama yule adui tunayehubiriwa kanisani. Mimi nilipanda neno, mchana kweupe, watu wakinipigia makofi.

Siwema naye alicheka. Angefanyaje? Mtani hanuni. Akasimama, akajikung'uta kanga, akasema, "Haya, wapagazi. Mpagazi hubeba mzigo mpaka mwisho wa safari bila kujua ndani kuna nini."

Watu wakacheka tena. Aliusema ukweli wote pale, kwa sentensi moja, na niliyemwelewa nilikuwa mimi tu. Hakuongeza. Alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza.

Nilidhani jambo limeishia hapo. Kumbe jina nalo linatambaa chini kwa chini.

Wiki chache tu, watoto walikuwa wakiimba, "Siwema kaota, Siwema kaota." Waliochukua mbegu yake ya kunukia wakawamwagia kuku. Hakuna aliyemtukana kwa hasira, ndiyo ubaya wake. Wangemtukana kwa hasira, Ramadhani angekwenda kwa mwenyekiti. Walimtukana kwa kucheka, na mlango wa kushtakia haukuwapo.

Kiangazi kilipofika alisimama mkutanini, akaeleza yale yale aliyonieleza mimi: tuchimbue sasa, tugeuze mizizi juani, tuchome. Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Siwema anatufundisha kumuua Siwema." Ikawa kicheko. Bwana shamba alijaribu kusema kwamba mama huyu yuko sahihi, lakini nani angesikia? Kuchimba mbuga ya kiangazi ni kazi ngumu, na watu walikuwa wakitafuta sababu ya kutoifanya. Mimi niliwapa.

Na mimi, kiongozi wa wanawake, nilifanya nini? Mvua ziliporudi niliwaongoza kuingia kwenye maji na majembe. Tulikatakata. Tuliimba na kukatakata, vipande vikielea kutoka jaruba hili kwenda lile. Nilijua. Alishaniambia kwamba kukata majini ni kupanda. Lakini kufanya alivyosema yeye kungekuwa kukubali mbele ya wote kwamba yeye ndiye anayejua mpunga. Nikaona heri mbuga iharibike.

Ikaharibika. Mwaka uliofuata lilikuwa robo ya shamba, ule wa pili mpunga haukuonekana kabisa. Kila mwanamke aliyeinama pale alitamka jina lake. Mng'oeni Siwema. Mchomeni Siwema. Siwema kazidi mwaka huu. Yeye alikuwa anapita njiani na ndoo kichwani, anasikia.

Siku moja nilimkuta amesimama kwenye tuta la jaruba lake. Lake lilikuwa safi, la pekee lililobaki safi bonde zima, amelizungushia mfereji. Alikuwa peke yake. Ningeweza kusema pale. Kinywa nilikifungua.

Yeye akawahi. "Mtani," akasema, "mwanangu aliniuliza jana kwa nini jina langu linang'olewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia watani wakikupenda sana hawakuachi upumzike."

Akatabasamu. Nikafunga kinywa. Unajua nilichofikiri? Nilifikiri, ona, hata maneno anayapata mazuri kuliko mimi. Mungu anisamehe.

Siwema na mumewe wakahama kabla ya mvua nyingine, wakaenda kupanga Tabora mjini, mtaa wa Isevya. Nikasikia anapika vitumbua na kuuza karibu na stesheni. Niliposikia ameondoka nilijiona mwepesi. Ule wepesi ulinikaa mpaka jioni, mume wangu alipowekewa ugali. Alikula, kisha akasema, "Kijiji hiki kilikuwa na wali."

Hakusema wali wa nani. Nilingoja aseme wangu. Hakusema.

Jaruba la mama yangu nalo lilikufa. Kona ya neema ililimeza lote. Kijiji kikageukia tumbaku, na mchele tukawa tunaununua dukani kama watu wa mjini, ukipatikana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo niliivaa mwenyewe.

Miaka ikapita. Alasiri moja, naanika mihogo, msichana alipiga hodi. Mrefu, mwembamba, kanga imemkaa. Nilimjua kabla hajasema neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mimi ni Mwanaidi wa Siwema. Mama ametutoka."

Nilikaa chini kwenye ukuta. Msichana akachuchumaa mbele yangu, kama mama yake alivyochuchumaa siku ile jarubani.

"Kabla hajafa alisema arobaini yake isipite bila mtani. Alisema, 'Mwiteni yule mpagazi wangu. Hakuna anayenijua kuliko yeye.'" Kisha akasita. "Mama, na nilipopita mbugani nimesikia tena wanaliita lile jani kwa jina lake. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mtoto aliniuliza usoni, hatuna shahidi.

Nikasema, "Ni utani tu, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Hilo ni kosa langu la pili, na linaniuma kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya nikiwa nawaka wivu. Hili nililifanya baridi, nikiwa mtu mzima.

Sikupumzika baada ya hapo. Nikaapa nitalisema lote siku ya arobaini, mbele ya watu wake. Asubuhi ya safari nilikwenda mbugani nikachimbua fungu kubwa la lile gugu, na pingili zake na tope lake. Nikalifunga kwa kamba, nikalibeba kichwani mpaka kwenye treni, na kutoka stesheni ya Tabora mpaka Isevya nikaenda nalo kichwani kwa miguu.

Nilipoingia uani dua ilikuwa imekwisha, watu wako kwenye mikeka. Waliponiona na mzigo kichwani, mmoja akaita, "Mpagazi huyo kafika!" Vigelegele vikapigwa. Mtani huja na vituko, na wao waliona kituko.

Nikautua mzigo katikati ya uwanja. "Nimeleta mzigo wenu," nikasema.

Kicheko.

"Gugu hili lilitoka jarubani kwangu. Si kwake. Nililiotesha mimi, nikaligawa kijijini mimi, nikijidai. Yeye alilitambua, akanificha. Nami nikasimama mkutanini nikaliita jina lake."

Kicheko kikazidi. Kaka yake aliyetoka Ruvu akasema, "Mnyamwezi anakiri! Mpeni maji, mzigo umemlevya!"

"Sitanii," nikasema. "Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa wali wake, kwa kanga yake, kwa kucheka kwake. Niliiua mbuga nzima ili asionekane anajua."

Nilikuwa nalia. Machozi ya kweli, makamasi ya kweli. Nao wakajishika mbavu. Bibi mmoja alinifunga kanga kiunoni kunituza, akisema hajapata kuona mtani anayejua kulia vizuri namna hii. Mwanaidi alikuja akanishika mikono, anacheka na kufuta macho.

"Asante, mama," akaniambia. "Mama alisema utatuchekesha."

Ningefanya nini? Nilitumia utani kusema uongo, wakauamini. Nikasema ukweli, wakaniambia ni utani.

Kisha wakaleta chakula. Sinia la wali. Mwanaidi alikuwa amepika mwenyewe, kwa ile mbegu ya Ruvu ambayo mama yake alikuwa ameitunza miaka yote. Harufu ile ile. Nami, kwenye arobaini yake, na machozi hayajakauka, niliona wivu. Kwa marehemu. Nakuapia, hata pale.

Ule mzigo niliuomba nikauchoma mwenyewe nyuma ya nyumba, mpaka pingili ya mwisho. Wakadhani nayo ni sehemu ya mchezo.

Nimerudi kijijini. Juzi nilipita kwenye majaruba machache ambayo vijana wameanza kuyafufua. Binti mmoja, mke wa jirani, alikuwa ameinama na jembe kwenye maji, anakatakata. Sasa nikiona hivyo huwa siwezi kupita. Nikamwambia aache, angoje kiangazi, achimbue, ageuze mizizi juani, aokote, achome. Nikamwonyesha kiulimi kirefu na pingili. Akasikiliza kwa adabu.

"Linaitwa mpunga mwitu," nikamwambia. "Sema mpunga mwitu."

"Ndiyo, mama," akajibu. "Siwema."

Hajui kwamba Siwema aliwahi kuwa mtu. Hakuna kijana anayejua. Wataling'oa gugu siku moja, nina hakika, dawa yake ipo, aliniachia mwenyewe. Lakini hata wakilimaliza lote, wazazi watawasimulia watoto wao kwamba zamani mbuga hii iliharibiwa na Siwema.

Ndugu yangu unayesoma, mwenzako akikuonyesha gugu shambani kwako, mshukuru siku hiyo hiyo, hata kama roho inakuunguza. Na kama umemkosea mtani wako, usingoje arobaini yake. Kamwambie leo, mkiwa wawili tu, mahali ambapo hakuna mtu wa kucheka.